Bunduki ya Kumridhisha Baba

Baba yangu hajawahi kumwona dubu, hata kwenye bustani ya wanyama. Nalisema hili mapema kwa sababu majira yote ya baridi ya mwaka juzi, hapa Sydney, mzee huyo aliye ng'ambo ya bahari alinichagulia bunduki ya kumpiga dubu, na kila niliyemweleza alitikisa kichwa na kusema, sasa utafanyaje, si ni baba yako.

Mimi ni mwindaji. Najua linavyosikika likitoka kwa mwanamke wa makamo anayefanya kazi ya bima katika ofisi ya Parramatta na kuimba sauti ya pili kwenye kwaya ya Jumapili, lakini ndivyo nilivyo. Nilianza baada ya mfanyakazi mwenzangu kunialika shambani kwa wazazi wake, mbali na mji, ambako kulungu walioletwa na wazungu wa zamani walikuwa wakitafuna kila kitu mpaka magome ya miti. Nilisomea leseni, nikafanya mtihani, nikafunga kabati la chuma ukutani kama sheria inavyotaka, na nikanunua bunduki moja ya kaliba 308. Asiyejua bunduki aelewe hivi tu: kaliba ni unene wa risasi, na 308 ni ya kati. Inaangusha kulungu, inaangusha nguruwe mwitu, inaangusha hata wanyama wakubwa kuliko hao, na mtu mwenye mwili mdogo kama wangu anaweza kuipiga asubuhi nzima bila kuumia. Kwa umbali wa mita mia, risasi zangu zote hukaa ndani ya kisahani cha kikombe cha chai. Silisemi kwa majivuno. Ni sawa na fundi cherehani kusema anajua kutia mkono kwenye shati.

Mdogo wangu wa kiume anaishi kaskazini mwa Kanada, anatengeneza mitambo ya mgodi. Sheria ya huko inamruhusu mkazi kumchukua ndugu yake wa damu kutoka nje na kwenda naye kuwinda, akipata kibali. Aliomba, akakosa, akaomba tena, na mwaka ule kikatoka. Tungemfuata moose, mnyama wa huko anayemzidi hata pofu wa mbugani kwa urefu, mwenye mapembe mapana kama sinia. Nilikuwa sijamwona mdogo wangu tangu tulipomzika mama. Aliponitumia habari ya kibali nilikuwa ofisini, na nilikwenda chooni kulia kwa furaha. Kasoro ilikuwa moja tu. Katika misitu hiyo wanaishi dubu, na dubu akinusa damu ya mnyama uliyemwangusha huja kudai fungu lake.

Kwetu sisi huendi safari yenye hatari bila radhi ya mzazi. Watoto wetu wa hapa wanacheka, waache wacheke. Nilipewa radhi nilipokwenda shule ya bweni, nilipoolewa, nilipopanda ndege ya kuja huku, na sikuwa tayari kwenda kusimama mbele ya mnyama mla nyama bila hiyo. Kwa hiyo nikampigia baba.

Baba ni askari wa wanyamapori mstaafu. Maisha yake ya kazi yote alibeba bunduki ya serikali ya kaliba 458, yenye risasi nene kama kidole gumba, ya kuwapigia tembo na nyati waliovamia vijiji. Bega lake la kulia limekaa chini kuliko la kushoto mpaka leo. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kuuliza kama polisi.

"Huyo dubu ana pembe?"

"Hana, baba."

"Ana mbio?"

"Wanasema mtu hawezi kumkimbia."

"Akijeruhiwa, anatoroka au anarudi?"

"Anaweza kurudi."

"Basi huyo ni nyati aliyevaa manyoya," alisema baba. "Chukua 458."

Nilimweleza kwamba bunduki hiyo inanizidi nguvu. Nilimweleza juu ya 308 yangu na kisahani cha chai. Akaguna. Mnyama asiyetoroka, alisema, anataka risasi isiyobembeleza. Tukavutana mpaka chai yangu ikapoa, na mwisho akashuka ngazi moja: kama 458 siiwezi, basi 375, ambayo nayo ni ya tembo na nyati. "Chini ya hapo, mama, radhi yangu usiitafute." Mama ndivyo anavyoniita, kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na huniita hivyo hasa anapokuwa hataki kunisikiliza.

Kilichoniunguza zaidi ni mdogo wangu. Yeye anaishi na dubu hao, anawinda kati yao kila mwaka, na kila mwaka baba humpa radhi kwa simu fupi kama ya kuulizia bei ya sukari. Nilimuuliza baba kwa nini mimi ndiye nipimwe mabega. Akajibu, "Yule hana tatizo." Nikaelewa nilivyoelewa. Yule ni mwanamume. Mimi ndiye mkubwa, mimi ndiye niliyembeba mgongoni, lakini yeye hana tatizo.

Na nilijua vizuri anabeba nini, maana alikwisha kunionyesha kwa picha: kaliba 30-06, ndugu wa tumbo moja na 308 yangu, tofauti yao haizidi ya chapati mbili za mpishi mmoja. Nilipomwambia nitamtaja kwa baba kama mfano, aliruka. "Dada, mimi usiniingize. Mzee ana presha. We mwambie tu umekubali." Nikamwonea huruma baba na presha yake, nikanyamaza.

Basi nikajaribu kutii. Nasema wazi, nilijaribu. Tulikwenda dukani mimi na mume wangu, na muuzaji akamuuliza mume wangu anataka kaliba gani. Mume wangu ni Mkenya, muuguzi, mtu wa amani, ambaye puto likipasuka kwenye sherehe ya mtoto huinama chini ya meza. Akanielekezea mimi kwa kidole gumba. Muuzaji akanitazama juu hadi chini, akacheka kwa upole, akasema kwa wanawake wana bunduki nyepesi nzuri sana za sungura. Leseni yangu ilikuwa pale kaunta mbele yake. Nilipotaja 375 akapiga mbinja, kisha akamgeukia tena mume wangu kumuuliza kama anajua teke la bunduki hiyo. Nikachukua leseni yangu nikatoka. Dunia ilikuwa imegawanyika pande mbili, upande mmoja baba anasema yangu ni ndogo mno, upande wa pili huyu anasema kubwa siiwezi, na katika pande zote mbili hakuna aliyeuliza ninapiga vipi.

Kwenye uwanja wa shabaha ninakokwenda Jumamosi yupo mzee mmoja mstaafu, msimamizi wa zamu, ambaye anayo 375 aliyoinunua zamani kwa safari ambayo hakuwahi kuifanya. Akaniazima niijaribu pale pale, chini ya macho yake. Risasi ya kwanza ilinisukuma kama mtu aliyenikuta nimesimama mlangoni. Ya pili ilinikuta nimeshaumia. Ya tatu sikumbuki. Jioni bega lilikuwa limevilia damu, na Jumapili kwenye kwaya sikuweza kuinua kitabu cha nyimbo. Nikarudi Jumamosi iliyofuata, na ile nyingine, kwa sababu niliambiwa mwili huzoea.

Mwili hauzoei. Mwili unajifunza woga. Nikaanza kufumba macho kabla ya kufyatua, bila kujua, na risasi za 375 zikaanza kwenda kwenye udongo. Mbaya zaidi, nilipoichukua 308 yangu mwenyewe, bunduki ambayo haijawahi kuniumiza hata siku moja, nayo ikaanza kukosa. Kisahani cha chai kikawa sinia, sinia likawa ungo. Nikalaumu upepo, nikalaumu darubini. Yule mzee hakubishana. Aliomba bunduki yangu, akageuka, akaniwekea risasi isiyo na baruti bila kuniambia, akanirudishia. Nikalenga, nikavuta. Haikulia. Lakini mimi nilikuwa nimefumba macho na kuusukuma mtutu chini kwa nguvu zangu zote, mbele ya mstari mzima wa watu, kwa sababu ya mlio ambao haukuwepo.

Hakuna aliyecheka, na hilo lilinikera kuliko kicheko. Nilirudi nyumbani Lidcombe nikiendesha gari kwa hasira, nikizungumza peke yangu kila nilipopata taa nyekundu. Kitu pekee nilichokuwa nacho cha kunilinda msituni ni uhakika wa mkono wangu, na baba alikuwa amenichukua uhakika huo ili anipe badala yake namba kubwa. Risasi ndogo inayopiga unapotaka ni silaha. Risasi kubwa iliyokosa ni kelele, na dubu hafi kwa kelele. Nilimwambia hivyo mume wangu tukiwa jikoni, nikipiga meza.

"Si umwambie tu mzee umebuy?" alisema. "Yeye ata-know aje? Ako mbali."

Hiyo ndiyo ilikuwa tiba ya kila mtu. Mama mmoja Mrundi wa kwaya yetu, mwanamke ninayemheshimu, alinishika mkono baada ya mazoezi: "Dada, sema ndio. Papa atafurahi, basi, c'est fini." Mdogo wangu naye kila siku ujumbe, mwambie ndiyo, mwambie ndiyo. Funika kombe mwanaharamu apite. Nawajua watu wangu. Sisi tunaoishi mbali tumekuwa mafundi wa jambo hili. Mzazi akiuliza, tumekula, hatuumwi, kazi ni nzuri, baridi si kali. Tunawapaka wazee mafuta kwa mgongo wa chupa na kuita hiyo heshima. Mimi pia nimefanya, sana. Lakini safari hii sikutaka. Radhi ni ya kumlinda mtu, na huwezi kumlinda mtu ambaye hujui ameshika nini.

Nikamwambia yule mzee kwamba 375 yake siigusi tena, nikamshukuru. Nikaanza upya kama mtoto, na bunduki ndogo ya mafunzo isiyo na teke, macho wazi, pumzi polepole, mpaka woga ukatoka. Kisha nikarudi kwenye 308. Ilichukua sehemu kubwa ya majira ya baridi, na kila Jumamosi niliyotumia kujitibu niliihesabu kuwa ya kuibiwa. Ungo ukawa sinia, na hatimaye kisahani kikarudi.

Siku ya kuombewa radhi ilikuwa Jumapili, baada ya chakula cha mchana kwetu, wakati kwa baba ni asubuhi hajaenda kanisani na kwa mdogo wangu bado ni Jumamosi jioni. Nilipiga simu ya picha, sote watatu kwenye kioo kimoja, simu nimeiegemeza kwenye chupa ya chai. Mume wangu alikaa pembeni ambako baba hamwoni, akininong'oneza kwa midomo: sema ndiyo. Binti yetu alikuwa akifuta vyombo. Huyo hata ukimsalimu kwa Kiswahili hujibu kwa Kiingereza. "Mum, don't lie to Babu," alisema bila kugeuka, na mume wangu akamtolea macho.

Baba alikuwa amevaa koti lake la ibada.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mama. Bunduki umenunua?"

Kabla sijafungua kinywa, mdogo wangu akadakia. "Ameshanunua, baba! 375. Amenitumia picha, bunduki kweli kweli."

Uso wa baba ukalainika. Akainua mkono, akafumba macho, akaanza. Akamtaja Mungu, akamtaja marehemu mama, akamtaja bibi ambaye nimebeba jina lake, akawaomba wanitangulie msituni. Na mimi nimekaa pale, kichwa nimeinamisha, nikisikiliza jinsi radhi yangu inavyomwendea mwanamke mwingine, mwenye bunduki nyingine, ambaye hayupo. Nikashindwa kuvumilia.

"Baba, subiri," nilisema. "Bunduki hiyo sina."

Mume wangu akajifunika uso. Nikasema yote, kwa mfululizo, kabla ujasiri haujaniishia. Nikamwambia juu ya bega, juu ya macho, juu ya risasi isiyo na baruti. Nikamwambia nakwenda na 308 kwa sababu ndiyo ninayoiweza. "Na usiseme ni kijibunduki cha mwanamke, baba. Mdogo wangu huyu huyu huko anabeba ya aina hiyo hiyo."

"Mdogo wako ana 458," alisema baba.

"Nani kasema?"

"Kasema mwenyewe, mwaka aliohamia. Na kila mwaka namuuliza, naye kila mwaka ananiambia ipo, nzima, kaipaka mafuta."

Nikamtazama mdogo wangu kwenye kidirisha chake. Alikuwa ameganda. Mdomo wazi, jicho moja nusu, kama picha iliyokwama. "Haloo?" ilisema sauti yake, midomo ikijaribu kutocheza. "Haloo, baba? Sauti inakatika, mtandao huku..." Nyuma yake, mvuke wa kikombe chake ulikuwa ukipanda vizuri kabisa.

Nimewahi kukasirika maishani. Nimekasirikia wenye nyumba, wakuu wa kazi, na siku moja hata mchungaji. Lakini siku ile damu ilipanda nikaisikia masikioni. Majira mazima! Bega langu lilikuwa jeusi, mkono wangu ukaharibika, nikadhani baba yangu mzazi ananidharau kwa kuwa ni mwanamke, nikamchukia kwa hilo kimyakimya kila Jumamosi, kumbe mzee wa watu alikuwa akinipima na bunduki ambayo haikuwahi kuwepo. Na mwenye uongo wake alikuwa akijua. Sentensi moja ingetosha. Badala yake akaniacha nivunjwe bega ili uongo wake ubaki umepakwa mafuta. Nilimwita mwongo, nikamwita mnafiki, nikamwita neno jingine ambalo halisemwi mbele ya baba, nikalirudia.

"Nyamaza, mama," alisema baba. Kisha, kwa sauti ile ile: "Na wewe. Mtandao ni mzuri. Nimewafuatilia majangili maisha yangu yote, namjua mtu anayejifanya hayupo. Unabeba nini?"

Picha ikaacha kuganda. "30-06, baba."

"Na dubu?"

"Tunabeba na kopo la pilipili. La kumpulizia usoni."

"Pilipili," alisema baba.

Nilisikia jogoo kwao. Nilisubiri amkaripie, maana nilikuwa na njaa ya kusikia anamkaripia. Hakumkaripia.

"Kila mwaka ulipoingia msimu wa kuwinda huko," alisema, "nilikuwa nalala. Nasema, mwanangu ana 458. Nalala."

Mimi nikamwambia, kwa sauti isiyo ya adabu sana, kwamba usingizi ni wake lakini bega ni langu. Nilitaka aseme kwamba nilikuwa na haki. Hakusema, na mpaka leo hajasema. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akairudisha, akanitazama kwa karibu mpaka uso wake ukajaa kidirisha chote.

"Hiyo yako, mama. Ukiipiga, macho yako wazi?"

"Wazi, baba."

Akatikisa kichwa mara kadhaa, si kwa kukubali wala kwa kukataa.

"Nenda nayo," alisema. "Radhi unayo. Mimi nitakesha."

Mdogo wangu, ambaye mtandao wake ulikuwa umepona ghafla, akasema amina.